Tulimpeleka Mzee kutengenezewa meno, kumbe shida ilikuwa kwenye koo

Wakuu, salamu kutoka Rodi Kopany, hapa kwenye barabara ya Homa Bay kwenda Rongo.

Mimi humu ndani ni msomaji tu. Nasoma, nacheka, natoka bila hata kuacha like. Leo naandika kwa sababu kuna jambo limenikaa kichwani tangu mwezi wa pili na limekataa kutoka. Ni mambo ya kwetu nyumbani na niliyaona kwa macho yangu. Majina nimebadilisha kwa sababu watu wa kwetu wako humu pia. Mengine yote nayaacha yalivyo, hata yale yanayoniaibisha mimi mwenyewe.

Ni habari ya baba yangu, meno yake na koo lake. Kama unasoma ukiwa mezani, maliza kula kwanza.

Nina duka la vitu vya nyumbani. Sabuni, viberiti, mafuta ya kujipaka, dawa ya meno, miswaki. Miswaki nimeuza miaka kumi na sita. Mtu akiuliza mgumu ni upi na laini ni upi, nauchukua kwenye rafu bila kuangalia. Lakini hata siku moja sikujiuliza huu mdomo tunaousugua asubuhi unahusiana vipi na kilicho chini yake. Nilijua jino likioza linauma, unaling'oa, basi.

Mzee wangu anakaa upande wa Macalder, kule Nyatike. Ujana wake wote uliishia kwenye mashimo ya dhahabu, uzee akaupeleka shambani. Miaka yake ni sabini na kitu. Hicho kitu kinategemea anaongea na nani. Mbele ya chifu ni mzee sana, mbele ya Mama bado ni kijana.

Sasa kidogo kwa wale ambao si Wajaluo. Zamani mtoto akikaribia kubalehe alitolewa meno sita ya mbele ya chini. Inaitwa nago. Kulikuwa na fundi wa kazi hiyo na kipande chake cha chuma, na mtoto hakutakiwa kulia. Siku hizi haifanywi tena, lakini Mzee aliwahi kundi la mwisho mwisho. Akicheka unaona pengo pana pale chini, na analionyesha kwa maringo. Wazee walisema pengo lina kazi. Mtu akiugua, taya zikajifunga, uji unapitishiwa hapo.

Nawaeleza haya kwa sababu ni kwenye hilo pengo tulipotelea njia, familia nzima.

Mwaka jana wakati wa kuvuna mahindi Mama alinipigia simu ya kawaida tu. Katikati ya habari za ng'ombe na za kanisa akasema, "Baba yako siku hizi anakula kama mtu ameenda kwa wakwe."

Mwenye kujua anajua. Mwanamume wa kwetu akienda kwa wakwe anamega tonge dogo, anatafuna taratibu, anasema ameshiba wakati bado ana njaa. Nilicheka sana, na Mama pia alicheka.

Ikawa ndio utani wa nyumbani. Nilipoenda kuwasalimia nikaona ni kweli. Ugali alikuwa anauchovya kwenye mchuzi mpaka unakuwa kama uji, ndipo anaumeza, halafu anafuata na maji. Nyama aliacha. Kisha akaacha obambo, ule samaki wa kupasuliwa na kukaushwa juani, na Mzee na obambo ni marafiki wa tangu zamani. Mwisho ikabaki uji na chai. Mshipi wake akautoboa tundu jipya kwa msumari, baada ya muda akatoboa lingine.

Na kila mtu alikuwa na jibu moja tu, meno. Jirani akija anasema meno. Mchungaji akija kuomba, anaombea meno.

"Mtu wa nago akizeeka huwa hivyo," Mama aliniambia. "Hata babu yako alimaliza hivyo hivyo. Uji, uji, mpaka akalala."

Hilo la babu liliingia sikio moja likatoka la pili. Babu alikufa nikiwa mdogo na sisi tulijua alikufa kwa uzee.

Dada yangu Atieno, ameolewa Magunga, ndiye alikuja na wazo la meno bandia. Mimi nikaona ni wazo zuri sana. Nilijisikia mtoto wa maana, yule anayeona shida ya baba yake na kuitafutia dawa. Mzee alikataa mara ya kwanza. Kwa Kijaluo, nawatafsiria, alisema, "Hili pengo nimekaa nalo tangu nikiwa mtoto, leo ndio mnaona niko uchi?"

Atieno alimjulia mahali pa kumshika. Alimwambia akipata meno atakula obambo tena. Kesho yake Mzee akasema sawa, twende.

Kutoka mavuno hadi siku ile hesabu ni miezi kama sita. Miezi sita mtu anakonda mbele yetu na sisi tunapanga safari ya meno.

Tulienda kliniki moja ya meno Homa Bay, mimi na yeye. Daktari alikuwa dada mmoja kijana, nimwite Boke. Ni Mkuria, kwa hivyo mle ndani ilibidi Mzee atumie Kiswahili, lugha ambayo yeye ameiweka kwa ajili ya askari na wanunuzi wa ng'ombe.

Boke akamlaza kwenye kile kiti, akawasha taa, akaingiza kioo chake kidogo. Mimi nilisimama nyuma ya bega lake nikichungulia. Nina miaka arobaini na tatu, na hiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kuangalia ndani ya mdomo wa baba yangu. Nani huangalia? Pengo nilikuwa nalijua. Nyuma ya pengo sikuwahi kufika. Magego mengine yalikuwa yamebaki mizizi tu, nyeusi, na ufizi umevimba, ukiguswa unatoa damu.

"Mzee, unapiganga mswaki?" Boke akauliza.

"Huyu ananileteanga kila mara," Mzee akasema, akininyooshea kidole. Hapo nikavimba kichwa kidogo, kwa sababu ni kweli, nikienda nyumbani kwenye mfuko wangu kuna sukari, sabuni na mswaki mpya.

"Sawa. Unatumia?"

"Naweka."

Boke akageuka kuniangalia. Mimi nikaangalia ukuta.

Ikabidi Mzee aeleze. Miaka mingi iliyopita alijaribu, damu ikatoka. Akaona kile kitu kinamuumiza, akaamua ufizi upumzike mpaka upone. Haukupona, kwa hivyo hakurudia. Miswaki iliyofuata akaona ni mizuri mno kuharibika bure, akaiweka kwenye kabati ya vikombe, ya wageni.

Wakuu, hiyo kabati mnaijua. Kila nyumba ya kwetu inayo. Kuna glasi, kuna sahani za maua, kuna chupa ya chai iliyoletwa na mtu wa Nairobi, na wenye nyumba hawajawahi kuvitumia hata siku moja. Niliporudi nyumbani nilienda kuhesabu. Ilikuwa miswaki tisa, yote kwenye pakiti zake, inasubiri wageni ambao wakija huja na yao.

Boke hakucheka. Alimweleza pole pole kwamba ufizi ukitoa damu hauombi kupumzika. Damu ni dalili kuna uchafu umekaa pale na umeuchokoza. Ukisafisha taratibu kila siku, kwa kawaida damu inaisha yenyewe baada ya muda, na isipoisha unaenda kuonwa.

Sasa aibu yangu ya kwanza. Mteja akija dukani akisema mswaki unamtoa damu, mimi nimekuwa nikimwambia aache kwanza apone, kisha nimuuzie laini. Miaka kumi na sita.

Ngoja, kuna mteja.

Nimerudi. Alitaka kiberiti.

Basi, nikadhani sasa Boke atachukua vipimo vya meno. Hakuchukua. Alikaa kwenye kile kigoda chake, akamuuliza Mzee swali ambalo sisi wote hatukuwahi kuuliza.

"Mzee, ukikula, chakula inakwama wapi?"

Mzee hakushika shavu wala taya. Alishika kifua, katikati, chini kidogo ya shingo, akagonga hapo kwa kidole mara mbili.

"Hapa. Kwa mdomo haina shida, msichana yangu. Mimi natafuna hata na ufizi. Inashuka vizuri, ikifika hapa inakataa."

"Tangu lini?"

"Tangu wakati wa kuvuna."

"Na ulimwambia nani?"

"Hakuna mtu aliniuliza," Mzee akasema. "Waliuliza meno."

Alisema bila ubaya wowote, kama mtu anayejibu karani. Mimi nikatafuta pa kukaa.

Boke akaendelea na maswali. Chai anakunywa ya namna gani? Ya moto, kutoka kwenye sufuria moja kwa moja, kwa Mzee chai isiyochoma ni maji ya kunawa. Sigara? Hapana, lakini tumbaku ya kuweka mdomoni aliitumia miaka yote ya mashimoni. Pombe? Chang'aa, mpaka alipookoka. Kisha akauliza kama kuna mtu mwingine kwenye ukoo alipata shida ya kumeza.

"Baba yangu tu," Mzee akajibu. "Lakini yeye yake ilikuwa meno."

Boke akayaandika hayo ya babu pia kwenye barua ya kututuma hospitali. Kisha akamaliza ile barua, akaikunja, akanipa mimi. Alisema meno bandia hatatengeneza. Tuende hospitali wampige kamera ya koo, tusingoje wiki ijayo.

Hii nayo inaniaibisha lakini niliahidi. Mimi nilibishana naye. Nilimwambia, "Daktari, sisi tulikuja meno." Nilikuwa naona anatutupa. Akanijibu kwa upole, "Bro, hata ningemwekea meno ya dhahabu, chakula haingepita."

Mimi ni mtu wa kuuliza, na kuuliza si ujinga. Kabla hatujatoka nikamuuliza, sasa mtu wa meno amejuaje mambo ya kifua? Hivyo vitu viwili vinahusiana wapi?

Nitawaandikia alivyonieleza, na baadaye nimemsumbua sana kwa WhatsApp mpaka nadhani ananijua kwa jina la usumbufu. Makosa yakiwepo ni yangu.

Kwanza alisema mdomo ni mlango wa bomba la chakula, linaloitwa umio. Mdomo usiosafishwa unafuga wadudu wadogo wengi mno, bakteria, na hao hawakai pale kwenye jino wakatulia. Mtu anameza mate mchana na usiku. Kila ukimeza, wanashuka. Ufizi ukiwa mgonjwa kwa miaka, ni miaka hiyo hiyo bomba linapokea kitu kinacholichokoza kidogo kidogo. Tena kuna bakteria wa mdomoni wanaoweza kugeuza vitu kama pombe kuwa sumu mbaya zaidi kwa ngozi ya ndani.

Pili alisema watafiti wameona kwamba watu wasiosafisha meno, au walio na meno mengi yaliyooza na kung'oka, wanapatikana zaidi kati ya wagonjwa wa saratani ya umio. Na huku kwetu, ukanda huu wote wa mashariki ya Afrika, ugonjwa huo uko kwa wingi kuliko sehemu nyingi za dunia. Ndio maana yeye akiona mdomo umeoza na mtu amekonda, anauliza habari ya kumeza.

Nikaona nimemshika. Nikasema, kwa hivyo nago ndio ilimponza.

Akasema hapana. Yale sita yalitolewa kwa chuma yakiwa mazima, hayo hayana kesi. Yanayoulizwa ni yale yaliyooza yenyewe kwa kukosa kusafishwa. Hapo ndipo nilipoelewa kosa letu. Sisi tulikuwa tunaangalia pengo la heshima na kuliita ugonjwa, na ugonjwa wenyewe ulikuwa nyuma yake, tena chini zaidi.

Tatu, na hili alilirudia mara mbili, kuonekana pamoja si kusababisha. Inawezekana mtu asiyepiga mswaki ndiye huyo huyo anayekunywa chai ya kuchoma, anayekula mboga kidogo, anayepika kwenye moshi, anayetumia tumbaku. Watafiti wanajaribu kuvitenganisha na bado hawajamaliza. Kwa hivyo mtu asitoke kwenye huu uzi akisema eti usipopiga mswaki unapata cancer. Na ukipiga pia hujapewa cheti cha kinga.

Mimi hilo la tatu lilinikosesha usingizi kuliko yote. Nilitaka mshukiwa mmoja nimkamate. Badala yake nimepewa watano, kila mmoja amesimama karibu na mwili, na hakuna aliyekiri.

Turudi kwa Mzee.

Siku ya kamera nilidhani atakataa. Ni waya mrefu mweusi una taa mbele, unaingia mdomoni mpaka tumboni. Muuguzi alipomwonyesha, sisi ndio tulishtuka. Mzee aliushika, akaukunja, akaangalia ile taa kwa furaha kabisa.

Akaniambia kwa lugha yetu, "Hii ni kazi ninayoijua. Shimo hulijui kwa kusimama juu. Unashuka na taa."

Kisha akamwuliza muuguzi kwa Kiswahili, "Iko na mtu inavuta kamba kama mambo inaharibika?"

Muuguzi akamwambia yuko. Mzee akasema basi nishukisheni.

Daktari wa kamera alipata uvimbe, pale pale kidole cha Mzee kilipogonga. Alikata vipande vidogo vya nyama vikaenda maabara. Tukaambiwa tusubiri.

Wakati wa kusubiri mimi ndio nikawa mgonjwa. Nilisoma kila kitu kwenye simu. Wakuu, msisome kila kitu kwenye simu. Mara nasoma ni chai, mara ni moshi, mara ni meno, mara ni mahindi yaliyopata kuvu. Mama hakusoma chochote. Alikuwa anapooza chai kwenye bakuli kabla ya kumpa Mzee, na Mzee ananung'unika kwamba anapewa maji ya kunawa.

Nilienda nyumbani nikafungua ile kabati ya wageni, nikatoa mswaki mmoja laini. Nikachukua beseni na maji ya uvuguvugu, nikakaa na Mzee nje kwenye kivuli cha ghala. Boke alikuwa amesema mdomo usafishwe vizuri kabla ya matibabu yoyote, na ile mizizi iliyooza aitoe yeye, ili wadudu wasije wakashuka kwenye mapafu au kwenye damu wakati mwili hauna nguvu.

Nilidhani nitamwonyesha tu. Aliushika mswaki kama mtu anayeshika jembe, kwa hivyo nikamshikilia kidevu nikasugua mwenyewe. Damu ilitoka. Aliniangalia na mimi nikamwambia usiogope, tunaendelea. Sikuwahi kumwambia baba yangu usiogope maishani mwangu. Siku ya tisa au ya kumi damu ilikuwa imepungua sana, akatema maji akayaangalia kwenye beseni, akaniita nije nione ni meupe.

Majibu yalitoka. Saratani ya umio.

Tukatumwa Kisumu kupiga skani, tukarudi nayo. Daktari alitukalisha, mimi, Mama na Mzee mwenyewe, kwa sababu Mzee alikataa kubaki nje. Uvimbe ulikuwa umetoka nje ya bomba na kugusa majirani zake. Upasuaji wa kuutoa hauwezekani. Kinachowezekana ni kuweka bomba dogo la waya ndani ya umio ili njia ifunguke apate kula, na dawa za kupunguza kasi. Mama alishika mkoba wake kwa mikono miwili na hakuuachilia mpaka tulipofika nyumbani.

Mimi nililia kwenye choo cha hospitali. Nasema wazi, nililia kama mtoto, kwa sababu nilikuwa nakumbuka vile nilicheka kwenye simu.

Hiyo ilikuwa miezi kadhaa iliyopita. Mzee yuko. Bomba liliwekwa, na siku ya tatu alimeza ugali laini na mchuzi wa samaki bila kusukuma kwa maji. Amepata mwili kidogo. Kwenye mshipi amerudi lile tundu la kwanza la msumari. Kuna siku nzuri na kuna siku ya kulala tu, na sisi tunajua hii njia inaelekea wapi. Yeye pia anajua.

Kwa upande wangu, mimi na Atieno tumeenda kuonwa, maana babu na baba ni wawili tayari. Boke aliniangalia mdomo. Ufizi wangu, mimi muuza miswaki, ulikuwa unatoa damu upande wa nyuma. Amenisafisha. Chai sasa nangoja ipoe, na nimegundua kumbe chai ina ladha. Mteja akisema mswaki unamtoa damu, hapati tena ile hekima yangu ya kupumzisha. Namwambia aendelee taratibu na amwone daktari wa meno.

Nilichojifunza nitakisema hivi. Kinywa si kitu cha urembo, na wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Zawadi ya mswaki bila kukaa na mtu na kuuliza kama anautumia ni pambo la kabati. Na mila inaweza kukupa jibu la haraka sana mpaka ukasahau kuuliza swali. Kwetu jibu lilikuwa nago. Kwenu sijui ni nini, labda ni uzee, labda ni kurogwa, labda ni vidonda vya tumbo. Kama chakula kinakwama, na mtu anakonda, si mambo ya kungoja.

Wenye utaalamu humu, madaktari, watu wa maabara, nina maswali bado. Je, kuna anayejua kama ukianza kusafisha meno uzeeni inasaidia, au ni miaka ya ujana inayohesabika? Na huu mti wa kutafuna na kusugulia meno ambao babu zetu walitumia, unafanya kazi sawa na mswaki au tunajidanganya? Nimeuliza kwa heshima, msinitupie mawe.

Jana nilimsomea Mzee haya yote, nikitafsiri mstari kwa mstari. Alisikiliza akiwa amefumba macho. Nilipofika kwenye ile miezi sita akanisimamisha.

Akauliza, "Ile miezi, ingesaidia?"

Ningeweza kumdanganya. Daktari alikuwa ameniambia kando kwamba tungekuja mapema kungekuwa na njia zaidi za kujaribu, ingawa hakuna anayeweza kuapa. Nikamwambia hivyo hivyo. Nikamwambia, "Ndiyo, Baba. Pengine ingesaidia."

Alifumbua macho akaniangalia. Nilianza kutafuta maneno, nikasema labda Mungu alipanga.

"Hapana," akasema. "Usimsingizie Mungu. Andika kwamba hamkuniuliza, na mimi sikusema."

Nimeandika, wakuu. Uwanja ni wenu. Kama kwenu kuna mtu ambaye sahani yake siku hizi inarudi jikoni na chakula, njoo utuambie hapa chini. Lakini kabla ya kutuambia sisi, nenda ukamuulize yeye.